Pemba ipi? Safari ya kifurushi cha Ami

Lebo ya kwanza ninayo mpaka leo, nimeibandika ndani ya jalada la daftari langu la kazi. Juu kuna jina la ami yangu. Chini yake, kwa mwandiko wa binamu yangu aliyeko Maskati, maneno mawili: PEMBA, ZANZIBAR, kisha namba yangu ya simu. Basi. Hakuna wilaya, hakuna shehia, hakuna nchi. Binamu yangu kazaliwa Wete na kuondoka akiwa mtoto wa miaka tisa, na kwake maneno hayo yalikuwa yametosha na kubaki. Kwa mashine iliyokuja kuisoma lebo hayakutosha, na vimashine vya masikio vya ami vikakaa njiani siku 52.

Mie kazi yangu ni kupokea na kutuma mizigo ya watu, hapa Chake Chake. Kwa hiyo kisa hiki kilinipata mara mbili: kama mtoto wa nduguye, na kama mtu ambaye alipaswa kujua mapema. Nakieleza chote kwa sababu kila wiki naona lebo za aina ile ile zikiingia dukani, na kila moja imefika kwa bahati tu.

Ami amekuwa mwadhini wa msikiti wa mtaani kwao, Kizimbani ya Wete, kwa zaidi ya miaka thelathini. Masikio yakaanza kumtupa. Mwanawe akampeleka Maskati, akapimwa, akatiwa vimashine viwili vidogo kama mbegu za fenesi, vya rangi ya ngozi. Akarudi Pemba anasikia mpaka mlio wa pazia. Mwaka wa pili vikazima, kimoja baada ya chengine, vikarudishwa Maskati kutengenezwa. Mambo ya kwetu ya Maskati siku zote huja na msafiri, mkononi. Safari hii msafiri hakupatikana, na Ramadhani ilikuwa inakaribia, kwa hiyo binamu akaenda kwa kampuni ya vifurushi. Sitaitaja. Ilikuwa tarehe 2 Rajabu.

Kuanzia siku hiyo, mazungumzo na ami yalikuwa ya kuandika. Mkewe alimnunulia daftari la mistari, la shule, likawa linakaa kwenye kibao cha barazani pamoja na kalamu ya risasi. Ukitaka kumuuliza jambo unaandika, yeye anajibu kwa mdomo, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. Jambo la kwanza nililomwandikia kuhusu mzigo bado limo humo: "Ami, mzigo umefika Johannesburg." Akasoma, akaniangalia. "Johannesburg? Kutoka Maskati kuja Pemba unapitia Johannesburg?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kuzinduka. Sikuzinduka. Nilimwandikia kwamba ndege za mizigo zina njia zao, jambo ambalo ni kweli, na ndiyo maana lilinidanganya. Siku mbili baadaye simu ikaonyesha Maputo. Tarehe 11 Rajabu ikaonyesha herufi tatu, POL, na neno la kusema mzigo umewasili unakokwenda.

Karibu kila kiwanja cha ndege za abiria duniani kina herufi zake tatu. Cha Unguja ni ZNZ. Chetu cha Pemba, hapa nje kidogo ya Chake, ni PMA, herufi ninazoziandika kila siku ya Mungu. POL sikuwahi kuiandika. Nikaitafuta, ikatoka: Pemba. Pemba ya Msumbiji, makao makuu ya jimbo la Cabo Delgado, mji wa bandari ulio kwenye ghuba kubwa, kiasi cha nyuzi 13 kusini mwa ikweta. Sisi tuko kwenye nyuzi 5. Kati ya Pemba na Pemba ni zaidi ya kilomita 800 za bahari ile ile moja.

Herufi zenyewe zinaeleza jambo. Kwa nini Pemba iwe POL? Kwa sababu Wareno waliujenga mji ule mwanzoni mwa karne ya 20 wakauita Porto Amélia, kwa jina la malkia wao. Msumbiji ilipopata uhuru, 1975, mji ukaitwa Pemba, lakini herufi za kiwanja hazikubadilishwa. Ndivyo ilivyo kwingi: Mumbai bado ni BOM, ya Bombay, na Saint Petersburg bado ni LED, ya Leningrad. Jina la zamani limekufa midomoni mwa watu, limebaki hai kwenye tiketi. Kwa yetu hii, lile jina la Kireno lililokwisha kufutwa ndilo lililonionyesha kosa. Lau Pemba ya kusini ingekuwa na herufi zinazofanana na jina lake, huenda ningeendelea kumwandikia ami kwamba mzigo umeshafika na unasubiri gari.

Binamu akarudi kwa karani aliyempokea, tukalifuatilia lilivyokwenda. Karani hakuwa mzembe. Kwenye kompyuta yake kuna dirisha la nchi, na dirisha hilo halikubali kuandika, linakubali kuchagua tu. Alitafuta Zanzibar. Orodha inakwenda Yemen, Zambia, Zimbabwe, imekwisha. Mahali pa Zanzibar, katikati ya Zambia na Zimbabwe, hapana kitu, kwa sababu orodha hizo hufuata alama za kimataifa za nchi, na Zanzibar tangu tarehe 26 Aprili 1964 imo ndani ya Jamhuri ya Muungano. Alama yetu ni TZ. Karani alipokosa nchi akaenda kwenye dirisha la mji, akaandika Pemba. Ukatoka mstari mmoja: Pemba, MZ. Akaubonyeza. Nchi ikajijaza yenyewe: Msumbiji.

Katika karatasi ile ile, sentimita mbili chini, namba yangu ya simu ilianza na +255. Ya Msumbiji ni +258. Ukweli ulikuwa umeandikwa pale pale, haukuwa na wa kuusoma.

Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi wakisikia kisa hiki husema "majina yamegongana", kana kwamba jina peke yake lina hatia. Majina kugongana si ajabu na hayatakwisha. Kuna Pemba nyengine Zambia, mji mdogo wa Jimbo la Kusini, kwenye njia ya kutoka Lusaka kwenda Livingstone. Kuna Mpemba karibu na Tunduma, na Mpemba nyengine Malawi, upande wa Blantyre. Sisi huku Mpemba ni mtu, kule ni mahali. Mwaka 2002 vijana wawili wa Uingereza walikata tiketi ya Sydney kwa intaneti wakashushwa Sydney ya Nova Scotia, Kanada, badala ya Australia. Nao tiketi yao ilikuwa na herufi za ukweli, YQY badala ya SYD, wala hazikumwambia kitu asiyezijua. Waarabu wana Tarabulusi mbili, ya Libya na ya Lebanoni, na wao walilimaliza zamani: moja wanaiita ya Magharibi, ya pili ya Sham, na hakuna anayeona taabu kuongeza neno hilo.

Na sisi je? Sisi ni mabingwa wa jambo hilo, ndiyo linaloniuma. Angalia ramani ya Pemba yetu. Kuna Kiuyu Mbuyuni na Kiuyu Minungwini na Kiuyu Kigongoni. Kuna Shumba Mjini na Shumba Vyamboni. Mtambwe Kaskazini na Mtambwe Kusini. Unguja kuna Kizimkazi Dimbani na Kizimkazi Mkunguni, Michamvi Pingwe na Michamvi Kae. Shuka mpaka pwani ya kusini ya Bara ukute Kilwa Kisiwani, Kilwa Kivinje, Kilwa Masoko. Wazee waliona mapema kwamba jina moja linaweza kukalisha watu mahali pawili, wakalipa jina la pili, na jina la pili likawa sehemu ya jina. Mtu wa Minungwini ukimwandikia "Kiuyu" tu hujamwandikia kwao.

Mpemba kwa Mpemba mwenziwe hasemi "nakaa Pemba". Atasema anakaa Wete, ukimuuliza Wete wapi atasema Kizimbani, na ukiwa mtu wa karibu atakutajia mti au msikiti. "Pemba" ni jina tunalowapa watu wa nje. Hata serikalini hakuna mkoa unaoitwa Pemba: kuna Kaskazini Pemba, yenye Wete na Micheweni, na Kusini Pemba, yenye Chake Chake na Mkoani. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya 540,000 katika mikoa hiyo miwili. Kumwandikia mmoja kati yao "Pemba" peke yake ni kama kuutia mzigo kwenye ngarawa isiyo na nahodha.

Jina la Zanzibar nalo lina mtego wake, na huu naona haujasemwa vya kutosha. Pemba ina wenziwe wa jina mbali huko, Msumbiji na Zambia. Zanzibar jina lake limepandiana juu kwa juu. Ni jina la nchi yenye serikali yake ndani ya Muungano. Ni jina la visiwa vyote. Kwa wageni ni jina la kisiwa cha Unguja peke yake. Na kwenye madirisha ya kampuni za mizigo ni jina la mji, ule wenye Mji Mkongwe na kiwanja cha ZNZ. Mtu akiandika "Zanzibar" mashine inaelewa hilo la mwisho, dogo kuliko yote. Sisi wa Pemba tukisafiri tunasema "naenda Unguja", hatusemi "naenda Zanzibar", maana Zanzibar tumo. Kwenye lebo hakuna wa kuulizana naye.

Na tulikwisha onywa. Mwishoni mwa Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado, na redio zote zikataja Pemba, Pemba, mafuriko Pemba. Simu yangu haikunyamaza: khalati yangu wa Maskati analia, anauliza nyumba ya bibi imesimama? Nyumba imesimama, jua kali, karafuu zimeanikwa uwanjani. Machi 2021, wapiganaji waliposhambulia mji wa Palma na watu wakakimbia kwa vyombo mpaka Pemba, simu zikalia tena. Mara zote mbili tulitulizana, tukasema "si sisi, ni ile ya Msumbiji", tukashukuru Mungu, tukakata simu. Nakiri kwamba sikuwafikiria vya kutosha wale wa ile ya Msumbiji, ambao kwao ilikuwa kweli. Wala hatukusema katika ukoo: basi tangu leo tuandike anwani kamili.

Tarehe 13 Rajabu, baada ya sala ya adhuhuri, ikaingia namba ngeni ya +258. Sauti ya kiume. Akatoa salamu, nikaitika. Akaniuliza kwa Kiswahili, Kiswahili cha kusini chenye maji ya Kireno, kama mimi ndiye mwenye namba ile, maana ana mzigo wangu mkononi na mtu aliyeandikwa hapatikani mtaa wowote.

"Uko wapi, kaka?" nikamuuliza.

"Niko Pemba."

"Hata mie niko Pemba."

Kimya kidogo. Halafu akacheka, nikasikia anamwambia mwenziwe kitu kwa lugha yao. Alikuwa Mmwani, watu wa mwambao wa kule, wa Ibo na visiwa vya Quirimba, na lugha yao Kimwani imekaa jirani sana na Kiswahili. Yeye hakuwa karani wa mezani, alikuwa mpeleka mizigo tu. Kabla ya kurudisha kifurushi ghalani kama kilichokosa mwenyewe, aliangalia namba ya simu kwa kituo, akaona 255, akasema moyoni mwake huyu ni mtu wa Tanzania. Katika watu wote walioshika karatasi ile, Maskati, Johannesburg, Maputo, yeye peke yake ndiye aliyeisoma mpaka mwisho. Nililitaja hilo kwa barua kwa ile kampuni, na nalitaja tena hapa.

Nikadhani limekwisha. Halijaanza. Mzigo ukishaingia nchi kwa karatasi za nchi hiyo, kuutoa ni usafirishaji mpya. Forodha ya Msumbiji waliuona kama bidhaa ya kielektroniki iliyoingia kwa mtu wa pale. Wakataka NUIT ya mpokeaji, yaani namba ya mlipakodi ya Msumbiji, ambayo ami wa Kizimbani ataipata wapi? Wakataka barua ya mtumaji kwamba imekosewa anwani, kwa Kireno. Binamu akaiandika kwa Kiarabu, ikafasiriwa, ikarudishwa kwa sababu haikutaja namba ya mzigo, ikaandikwa upya. Yule Mmwani alinipigia mara tatu kwa hiari yake kunieleza karatasi imefika meza gani. Mara moja aliniambia yuko jamaa anayepanda Mtwara kwa njia ya Ruvuma, angeweza kukichukua. Nikamshukuru, nikakataa. Njia zile za kaskazini ya Cabo Delgado, tangu mapigano yalipoanza Oktoba 2017, si za kumtuma mtu kwa ajili ya masikio ya ami, na mzigo uliotoroka forodha ukikamatwa haurudi tena. Mwisho wa Rajabu ukaruhusiwa kuondoka.

Ami wakati wote huo anakwenda msikitini kwa saa ya ukutani. Kwa kawaida alikuwa akisikia msikiti wa mbali umeanza, naye anafuatia. Sasa anaangalia mshale. Alfajiri moja saa ya ukutani ilisimama usiku, betri imekwisha. Aliadhini amechelewa, watu wameshaanza kufika, na mtoto mdogo ndiye aliyemshika kanzu kumwonyesha. Hakusema kitu siku hiyo. Mkewe ndiye aliyeniambia.

Kosa la pili sasa, na hili nalihesabu langu. Kule Johannesburg walitaka anwani kamili ili waandike lebo mpya. Nikawaandikia kwa bidii, jinsi tunavyosema sisi, kutoka padogo kwenda pakubwa: Kizimbani, Wete, Kaskazini Pemba, Zanzibar, Tanzania. Hakuna herufi iliyokosewa. Lakini mstari wa anwani kwenye programu yao ulikuwa na nafasi ya herufi chache, na mwanzo wake ukaliwa na jina la ami na cheo chake. Lebo ya pili nayo ninayo. Inasomeka: KIZIMBANI, WE. Imekatwa hapo hapo. Chini yake, kwenye dirisha la mji, Zanzibar, na nchi, Tanzania. Ikapewa ZNZ.

Kizimbani ipo Wete na Kizimbani ipo Unguja. Ile ya Unguja ndiyo maarufu, yenye mashamba ya viungo wanayopelekwa watalii. Kijana wa gari wa mjini Unguja akasoma Kizimbani, Zanzibar, akapanda zake Kizimbani anayoijua. Akauliza kwa jina la mwadhini. Na mwadhini pale yupo, kila msikiti una wake. Mzee wa watu aliletewa kifurushi, akakiangalia, akasema jina si langu, rudisheni. Mungu amjaalie kheri, maana angekuwa mwengine angekifungua.

Herufi mbili zile, WE, zilikuwa mwanzo wa jina la pili, lile la Kiuyu Minungwini na Mtambwe Kusini, na ndizo zilizoachwa nusu. Tangu hapo nimegeuza mpangilio wangu. Ikiwa fomu ni ya kompyuta, naanza na kinachotenganisha: WETE, PEMBA – KIZIMBANI. Jina la mtu lina mstari wake, vyeo tuvitaje tukionana. Nchi naandika Tanzania, siachi mteja aandike Zanzibar kwenye dirisha la nchi, hata akikasirika. Wapo wanaokasirika, na nawaelewa, si jambo dogo kuambiwa jina la kwenu halimo kwenye orodha. Nawaambia Zanzibar iandikwe, tena kwa herufi kubwa, lakini mstari wa juu yake. Na postikodi: zile za kwetu zote visiwani zinaanza na 7, na tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022 mitaa mingi imepata namba. Zipo, hazitumiki kwa sababu hatuzitaji. Simu iwe na +255 mbele yake. Kama kuna kitu kimoja cha kuokoa, ni hicho, maana ndicho alichokisoma yule Mmwani.

Unguja mjini wana mtihani mkubwa kuliko wetu, kwa kweli. Malindi ni mtaa wao wa bandarini, na Malindi ni mji wa Kenya. Mombasa ni mtaa wao, na Dar es Salaam nako iko Mombasa nyengine. Magomeni iko Unguja na Dar. Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa Dar ni soko, kwa Unguja ni viwanja vya watoto vya sikukuu, na Nairobi ni Kariokor. Mteja wangu mmoja aliagiza vitambaa "bandari ya Malindi" kwa muuzaji wa Mombasa ya Kenya. Nililiona kabla halijaondoka.

Mzigo ulipotoka Kizimbani ya Unguja, nikaletewa ujumbe wa simu, wote kwa herufi kubwa: MZIGO WAKO UMEPELEKWA MKOANI. Nikamtuma kijana bandarini Mkoani asubuhi mapema aisubiri boti. Akasubiri boti ikateremsha watu mpaka wa mwisho. Aliyeandika alimaanisha mkoani, yaani nje ya mji, mkoa wowote. Angeandika kwa herufi ndogo ningejua. Kifurushi wakati huo kilikuwa kimeshatua PMA kwa ndege ndogo, dakika chache kutoka dukani kwangu.

Nilikwenda nacho Wete mwenyewe jioni ya tarehe 24 Shaabani, kwenye paja, ndani ya gari ya abiria, sikukitia buti. Sanduku limebandikwa lebo tatu, ya juu imechubuka pembeni na ya chini inachungulia. Mke wa ami akalifungua kwa kisu cha nazi. Ami akatia kimoja, akakaa kimya, akatia cha pili. Akaniambia, kwa sauti ya kawaida, ile niliyokuwa nimeisahau, "Usiandike. Sema."

Nikamsimulia. Kisha nikamsikilizisha ujumbe wa sauti wa yule Mmwani, alioutuma asubuhi ile kuuliza kama mzee amepata masikio yake. Ami akausikiliza mara mbili, kichwa kimeinama upande wa simu.

"Kasema yuko wapi?"

"Pemba, ami. Ile ya kwao."

"Pemba nimesikia. Pemba wapi? Muulize anakaa mtaa gani."

Nikamuuliza. Jibu likaja kabla ya magharibi: Paquitequete, mtaa wa zamani wa pale, ulio ukingoni mwa maji. Ami akalivuta lile daftari la mistari, akaniomba nilitaje jina polepole, akaliandika kwa kalamu ya risasi kama alivyolisikia: Pakitekete. Akaangalia saa, akainuka kwenda kutawadha.